Muulize Sista: Mayai Yametoka, Tumbo Halijashuka

Mwezi huu nimeziweka kando barua za vipimo vya mbegu na za hedhi zinazoruka. Zitapata zamu yao. Zilizobaki mezani zinahusu jambo moja: mwanamke akishatolewa mayai kwa ajili ya IVF, yaani kurutubishwa na mbegu maabara nje ya mwili, auuguze vipi mwili wake hadi urudi sawa? Mimi ni muuguzi wa chumba cha kuzindukia. Kina dada huletwa kwangu kope bado nzito, na kabla hawajajua wako wapi wananiuliza, "Sista, yametoka mangapi?" Swali la mwili wenyewe huja baadaye, kwa simu, siku ya tatu au ya nne, wakati kila mtu nyumbani ameshaamini kwamba kazi imekwisha.

Sista, shikamoo. Nina miaka 31, na niliambiwa ovari zangu zina vifuko vingi. Jumatatu nilitolewa mayai 22. Siku ile maumivu yalikuwa madogo, jioni nikaona nimeshapona. Leo ni Alhamisi na tumbo limejaa hadi sketi haifungi. Nikila vijiko vitatu nashiba. Tangu Jumatatu nimeongezeka kilo 3, na jana nilikojoa mara mbili tu, mkojo umekolea rangi. Kituoni waliniambia tumbo kujaa ni kawaida, kwa hiyo naona aibu kuwasumbua. Dada yangu anasema ninywe maji lita 5 kwa siku yanisafishe. Viinitete vyangu vyote, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vitagandishwa. Nisubiri?
*Sketi Haifungi*

Marahaba, mdogo wangu. Wasomaji wajue kwamba wewe nilikupigia siku ile ile barua yako ilipofika, maana tumbo linalokua halingoji gazeti lichapwe. Ulikwenda, ukapimwa, ukatibiwa, na umeniruhusu niichape. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya wanaokufuata.

Tuanze na tumbo ambalo halina neno. Mayai hutolewa kwa sindano ndefu nyembamba inayopitishwa kwenye ukuta wa uke, daktari akiiongoza kwa picha ya ultrasaundi. Kila folikali, yaani kile kijifuko cha majimaji ambamo yai limekomaa, hutobolewa na kufyonzwa. Wengi hudhani kuanzia hapo ovari imesinyaa. Wapi! Vijifuko vile hujaa tena majimaji na damu kidogo, vinaanza kutengeneza homoni ya projesteroni, na projesteroni huulegeza utumbo: gesi inakaa, choo kinakuwa kigumu. Ovari ambayo siku zote ina urefu wa sentimita 3 hivi inaweza kufika 7 au 8, na ziko mbili. Sketi itafungia wapi? Tumbo la namna hii huwa baya zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4, halafu linaanza kulegea lenyewe, na hedhi ikija linashuka kabisa.

Lako lilishika njia nyingine. Ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai mara nyingi huwa na homoni ya hCG, na ovari zenye folikali nyingi zikiipokea humwaga kemikali inayofanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji yanatoka kwenye damu na kukusanyika tumboni, pengine hata kuzunguka mapafu. Damu iliyobaki kwenye mishipa inakuwa nzito. Figo zinapata damu pungufu, ndiyo sababu mkojo unapungua na kukolea rangi, na damu nzito ina hatari ya kuganda mguuni au kwenye mapafu. Madaktari wanaiita hali ya ovari kuchochewa kupita kiasi. Ile nyepesi humpata hata mwanamke 1 kati ya 3 wanaopitia IVF. Ya kati na ile kali zimekuwa zikikadiriwa kati ya 3 na 8 kwa kila 100. Wanaoipata zaidi ni wenye umri mdogo, wembamba, wenye ovari za vifuko vingi kama wewe, na waliotoa mayai mengi.

Ndiyo maana lita 5 za dada yako hazikufai. Maji mwilini unayo tele, ila yamehama kwenye damu, na kumimina mengine juu yake hakuyarudishi. Maji matupu yakizidi mno yanaweza hata kushusha chumvi ya damu. Kunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo. Kwa wengi inakuja kama lita 2 kwa siku, na ukipenda sehemu yake iwe yale maji ya chumvichumvi za pakiti wanayopewa wanaoharisha. Na vile vidonge vya kukojosha vya shangazi mwenye presha visiguswe. Vinakamua maji kutoka kwenye damu ambayo tayari imekauka, huku ya tumboni yakibaki pale pale. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wenye vidonge hivyo mkobani, wameletewa kwa mapenzi mema kabisa.

Sasa hili ndilo ninalotaka kila anayetoka kwangu aondoke nalo: usiupime uponyaji wako kwa maumivu, upime kwa mwelekeo. Maumivu yanadanganya pande zote mbili. Wapo wanaougulia tumbo la gesi na hawana hatari yoyote, na wapo kama wewe, wasioumwa sana huku maji yanajaa. Kila asubuhi, ukishatoka chooni na kabla hujala, panda kwenye mzani ule ule. Zungusha utepe wa kushonea kiunoni usawa wa kitovu. Andika namba zote mbili kwenye karatasi, na pembeni yake andika ulikojoa mara ngapi jana. Dakika tatu hazifiki. Karatasi ikionyesha leo ni nafuu kuliko jana, hata kwa kidogo, kaa utulie. Ikionyesha umeongezeka kilo 1 au zaidi kwa siku moja, mkojo unapungua, unatapika hata maji hayakai, unashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au mguu mmoja umevimba na kuuma, piga simu kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kifua kikibana au ukazimia, usipige simu kituoni, nenda moja kwa moja kwenye idara ya dharura na useme mlangoni kwamba umetolewa mayai siku fulani. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu daktari wa zamu asiyejua atatafuta kidole tumbo.

Matibabu yenyewe hayatishi kama jina lake. Wengi hutibiwa wakirudi nyumbani: ultrasaundi, vipimo vya damu vya kuona imekuwa nzito kiasi gani, dawa ya kuzuia kutapika, parasetamoli ya maumivu, na mara nyingine sindano za kuzuia damu isigande. Maji yakizidi tumboni yanatolewa kwa sindano, na mwenye kutolewa huvuta pumzi akashangaa alikuwa anaishije. Ibuprofeni na diklofenaki zisitumike katika hali hii kwa sababu zinaongeza mzigo kwenye figo. Hata asiye na tatizo lolote, asizinywe bila kuuliza kwanza; parasetamoli inatosha kwa wengi.

Kugandisha viinitete vyote kulikuwa uamuzi mzuri. Mimba changa nayo hutengeneza hCG, hivyo mwanamke aliyewekewa kiinitete wiki ile ile anaweza kupata wimbi la pili, siku 10 au zaidi baada ya sindano ya kukomaza mayai, na hilo mara nyingi hudumu kuliko la kwanza. Wewe huna kitu cha kulilisha. Hedhi ikifika, tumbo linafuata amri. Na suala la aibu ya kuwasumbua: sisi wa zamu tunalipwa kusumbuliwa.

Dada, habari za kazi. Mke wangu atatolewa mayai wiki ijayo. Ninaambiwa nami siku hiyo natakiwa kutoa mbegu. Baada ya hapo kazi yangu ni nini? Naweza kumfikisha nyumbani nikarudi ofisini? Na samahani kwa swali hili: tutarudiana lini chumbani?
*Mume Mwenye Likizo ya Nusu Siku*

Nzuri, shemeji. Omba siku nzima.

Kwanza jukumu lako linaanza kabla. Mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baada ya ile sindano ya kukomaza. Ikichelewa, mayai hayatakuwa tayari. Ikiwahi mno, yanaweza kuponyoka kabla daktari hajayafikia. Kwa hiyo usiku wa sindano hiyo weka kengele kwenye simu yako pia, mwandike muda kamili mliochoma. Siku yenyewe asile chochote kwa saa mtakazopangiwa. Asipake manukato wala rangi ya kucha: maabara ya viinitete haipendi harufu, na kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu hakisomi vizuri juu ya rangi.

Kazi ndani ni dakika 15 hadi 30. Atapewa dawa ya usingizi kwenye mshipa, ataamkia kwangu au kwa mwenzangu, atakaa saa moja au mbili, tutahakikisha amekojoa na hazimii akisimama, ndipo atavaa. Katika muda huo atazungumza nawe vizuri kabisa, atacheka, atakuuliza maswali ya maana, na jioni hatakumbuka neno hata moja. Dawa zile hufuta kumbukumbu. Maelekezo ya muuguzi basi ni yako wewe kuyasikia na kuyaandika: dawa gani saa ngapi, namba ya simu ya usiku, siku ya kurudi. Nimeona waume wanaosimama mlangoni wakiangalia simu wakati natoa maelekezo. Nawarudishia kwa sauti ya juu.

Kwa saa 24 asiendeshe gari, asinywe pombe, asitie saini ya mkopo wala mkataba, na asiachwe peke yake. Hilo ndilo jibu la ofisi. Anaweza kuwa na maumivu kama ya hedhi na matone ya damu kwa siku moja mbili. Kile kitundu cha sindano kwenye ukuta wa uke kinavuja kidogo. Akitumia pedi, mtaona kiasi. Tamponi hapana, wala asijisafishe kwa ndani kwa kitu chochote. Aoge maji ya kumwagika, beseni la kujilaza na bwawa la kuogelea visubiri hadi kituo kiruhusu. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu, au kizunguzungu huku tumbo linakaza na bega linauma, msingoje asubuhi. Bega linaonekana halihusiki, najua. Damu ikivujia ndani ya tumbo hugusa kiwambo cha chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya pale inapeleka maumivu begani. Maambukizi na kuvuja damu kwa ndani ni matukio machache sana, hayampati hata mmoja kati ya 100, lakini mwenye kuyapata anahitaji mtu wa kuyaona, na mtu huyo ni wewe.

Mbebee vizito. Mletee mto wa kuweka chini ya magoti. Muulize kama amekojoa, bila haya. Usimuulize idadi ya mayai mbele ya watu.

Kuhusu chumbani: subirini hadi kituo kiwaruhusu, mara nyingi ni baada ya hedhi inayofuata au wiki 2. Ovari zake ni kubwa, zinauma zikisukumwa, na zinaweza kujisokota. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: daktari hafikii kila yai. Moja au mawili yaliyobaki nyuma yanaweza kukutana na mbegu zako, na mimba ikashika yenyewe wakati ule ule mwili umechoka. Vichekesho vya wodini vinaanzia hapo, ila kwa mwenye ovari zilizochochewa kupita kiasi si kichekesho.

Sista, nilitolewa mayai 14. Nilifurahi nikampigia mama. Kesho yake wakaniambia 10 ndiyo yaliyokomaa, na 7 yamerutubishwa. Siku ya 5 wakaniambia viinitete ni 3. Tangu hapo nalia bila mpangilio, hata kwenye foleni. Mwili wenyewe umepona, sina maumivu. Mume wangu anasema ni 3 zaidi ya tulivyokuwa navyo. Yuko sahihi lakini namchukia akisema.
*Kumi na Nne*

Mwache aseme, ila umwambie asubiri wiki moja ndipo aseme tena.

Ukiniletea namba hizo bila jina, ningekwambia ni mzunguko wa kawaida uliokwenda vizuri. Kati ya mayai yanayotolewa, karibu robo tatu au zaidi kidogo huwa yamekomaa. Katika yaliyokomaa, kiasi cha 7 kwa 10 hurutubishwa. Wataalamu wa maabara huangalia saa 16 hadi 18 baada ya kuyakutanisha na mbegu, ndiyo maana simu yao huja asubuhi inayofuata. Katika yaliyorutubishwa, karibu nusu tu hufika siku ya 5 au ya 6. Hesabu hiyo inafanyika pia ndani ya miili ya wanaoshika mimba kitandani. Tofauti ni kwamba wao hawapigiwi simu kuelezwa kila kinachoanguka. Kosa ni la sisi tunaotoa namba ya kwanza kwa shangwe bila kusema kwamba itashuka. Mimi siku hizi nikitaja mangapi, naongeza hapo hapo: "Na yatapungua, yote hayavuki." Wengine hununa. Afadhali.

Halafu kuna kilio chenyewe. Unasema mwili umepona. Haujapona, umebadilisha tu mahali pa kuumia. Wakati wa sindano za kuchochea, kila folikali ilikuwa inatoa homoni yake ya estrojeni, hivyo damu yako ilibeba kiwango mara kadhaa zaidi ya kile cha mwezi wa kawaida. Mayai yalipotolewa, kiwango hicho kikaporomoka ndani ya siku chache. Wanawake waliojifungua wanaijua hali hiyo: siku ya tatu wanalia na hawajui kwa nini, na watu wanawavumilia kwa sababu kuna mtoto wa kuonyesha. Wewe umepewa mporomoko na huna mtoto mkononi, una simu ya maabara. Kilio cha foleni nakielewa.

Kwa kawaida wimbi hili hutulia ndani ya wiki moja au mbili, hedhi ikishapita. Lisipotulia, au ukikosa usingizi usiku mfululizo, ukaacha kula, au ukajiwa na mawazo ya kujidhuru, huo ni ugonjwa unaotibika na uende ukaonane na daktari mapema kama ambavyo ungeenda ukitokwa damu. Kwa sasa lala mchana bila kuomba radhi. Chagua mtu mmoja wa kuwapa habari wengine ili usirudie hesabu hiyo kwa kila anayepiga. Mama yako anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana.

Hukuniambia kama kiinitete kimewekwa. Kama kimewekwa, tahadhari: usipime mkojo mapema. Ile hCG ya sindano inaweza kukaa mwilini hadi siku 10, wakati mwingine hadi 14, na kipimo kitasoma sindano kikuonyeshe mistari miwili. Projesteroni unayoweka ukeni nayo hujaza matiti, huleta usingizi na kichefuchefu, na kufunga choo. Ni dalili zote za mimba, bila kukuambia lolote kuhusu mimba. Na kulala kitandani siku nzima baada ya kuwekewa hakuongezi nafasi ya kushika. Tafiti zimelipima hilo na hazikuona faida. Tembea.

Mimi hukimbia kila alfajiri. Nimekaa siku 4 bila mazoezi na naona nitapasuka. Naweza kuanza?
*Miguu Inawasha*

Kutembea, ndiyo, na ungeanza tangu kesho yake. Hupunguza gesi na husaidia damu isigande. Kukimbia, kuruka kamba, kunyanyua vyuma na yale mazoezi ya kujipinda kiuno, subiri hedhi ipite na kituo kikuruhusu. Ovari kubwa inaning'inia kwenye kishikizo chake, na mrusho wa ghafla unaweza kuizungusha hadi mshipa wake wa damu ukafungwa. Ni nadra. Inapotokea huwezi kuikosea: maumivu makali ya ghafla upande mmoja, mara nyingi na kutapika, pengine yanakuja na kupoa kisha yanarudi. Hapo ni upasuaji wa haraka ili ovari iokolewe, na saa zina thamani. Ya kukimbia yatakuwepo mwezi ujao.

Mwanangu, hujambo. Binti yangu ametolewa mayai 18 kwa mkupuo. Mimi nilijua mwanamke hutoa yai moja kwa mwezi. Si wamemmalizia ya mwaka mzima na nusu? Si atakoma hedhi kabla ya wenzake? Nimemuuliza yeye akanuna.
*Mama Mwenye Hofu*

Sijambo, mama, shikamoo. Hesabu yako ingekuwa sawa kama kila mwezi lingetumika yai moja tu. Lakini msichana huzaliwa na mayai milioni 1 hadi 2, anabalehe akiwa na kama laki 3 hadi 4, na hedhi zake zote za maisha hazifiki hata 500. Mengine yote huenda wapi? Kila mwezi kundi zima la folikali huamka, moja hukua likatoa yai, yaliyobaki hunyauka na kupotea. Sindano za kuchochea huyaokoa yale ambayo mwezi huo yangenyauka. Ya miezi ijayo hayajaguswa, na binti hataingia ukomo wa hedhi mapema kwa sababu hiyo.

Zamani ilikuwa yai moja kweli. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, alitokana na yai moja ambalo mama yake alilikomaza bila kuchochewa. Madaktari walilifuata kwa kamera iliyopitishwa kwenye tundu la tumboni, yaani upasuaji wenye kidonda cha kuuguza. Njia ya sindano kupitia ukeni ilienea katika miaka ya 1980, ndiyo maana binti yako amerudi siku ile ile, anatembea, hana nyuzi za kutolewa. Kutokuwa na kidonda cha nje kusikudanganye, mama. Ndani ana matundu mengi yanayoziba. Usimpe ndoo, na ule uji wa moto na neno la upole vitamfaa kuliko hesabu ya mayai.

Sista, natoa mayai yangu kwa ajili ya dada yangu. Wote wanamhudumia yeye, ambaye ndiye atabeba. Mimi naambiwa nikitoka hapo nimemaliza. Ni kweli?
*Mdogo Mtu*

Umemaliza kazi yake. Yako ndiyo inaanza, na ni wewe mwenye ovari zilizochochewa, kwa hiyo yote niliyomwandikia Sketi Haifungi yanakuhusu: mzani, utepe, mkojo. Watoaji huwa ni wa umri mdogo na hutoa mengi, watu wale wale ambao tumbo hupenda kuwajaa. Nafuu yako ni kwamba kiinitete hakiwekwi kwako, hivyo wimbi la pili la hCG ya mimba halitakufikia, ilimradi usilitengeneze mwenyewe: yale mayai yaliyobaki nyuma yanashika mimba vizuri tu, kwa hiyo kondomu au kujizuia hadi hedhi ipite. Hedhi yenyewe inaweza kuja ndani ya wiki moja hadi mbili, na ya kwanza huwa nzito kidogo kuliko ulivyoizoea. Zikipita wiki 3 haijaonekana, pima.

Kabla ya siku ya kutolewa, dai vitu vitatu kwa jina lako, si kwa jina la dada: faili lako, namba ya simu inayopokelewa usiku, na miadi ya kuonwa wiki moja baadaye. Uliza kabisa nani atagharamia matibabu yako ukilazwa, na jibu liandikwe. Kama hawana jibu, waambie hujasaini bado.